Mikoko na magofu ya Kilwa

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akausifu mji huo kwa uzuri wake. Mwaka 1505 Wareno wakauteka na kuupora. Magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatajwa kuwa hatarini. Safari hii adui hakuja na mizinga: mawimbi yalikuwa yakila ufuko, na sehemu ya mikoko iliyoukinga ilikuwa imekatwa.

Mafundi walikarabati kuta, wenyeji wakapanda mikoko, na mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha ya hatari.

Ndugu wasikilizaji, mimi napata somo moja hapa. Tumezoea kugawa urithi: magofu ni ya Mambo ya Kale, miti ni ya Misitu. Bahari haijui mipaka hiyo. Lakini mwenye jiko anataka kuni leo. Tukimkataza mikoko bila kumpa njia nyingine, tunamtwisha peke yake gharama ya urithi wa bara zima. Hiyo si haki, wala haitadumu.