Ushindi wa majini Ziwa Nyasa, na admirali wetu wa Matema

Najua nimepotea, msinirushie mawe. Nilikuwa nyumbani Ipinda kwenye mazoezi ya kufundisha, somo la Historia, kidato cha tatu. Chaki, jua, na vumbi la mpunga. Nimerudi chuo na deni la swali moja la mwanafunzi, na leo nalilipa hapa kabla boom halijaingia nikasahau kila kitu.

Mnajua kisa cha vita ya kwanza ya majini kwenye ziwa letu? Basi bwana, Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Ziwani Nyasa kulikuwa na meli ya Waingereza iitwayo Guendolen, nahodha wake Rhoades, na meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann, nahodha wake Berndt. Hawa wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Rhoades akapata amri ya kuiangamiza meli ya rafiki yake. Tarehe 13 Agosti akaikuta Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, kule Ruvuma, imepandishwa nchi kavu inatengenezwa. Akapiga mzinga. Ukakosa. Akapiga tena. Baada ya kuhangaika sana, moja likapata. Berndt akaja mbio na kimtumbwi, kafura kwa hasira, anamuuliza rafiki yake kama amelewa. Kumbe mwenzangu hajui kama kuna vita! Akaambiwa, akawekwa chini ya ulinzi.

Sasa gazeti la Times la London likaiandika habari hiyo hivi: Ushindi wa Majini Ziwa Nyasa.

Jamani! Meli iliyo juu ya magogo inarekebishwa! Tena Wajerumani waliifanyia ukarabati, na Mei 1915 Waingereza ikabidi warudi Liuli kuipiga upya. Yaani ushindi ulipata sapu.

Darasani nikawaambia vijana: tuchukulie kila mtu alikiamini kichwa kile cha habari neno kwa neno. Nini kingetokea? Tukaanza kutunga.

Tokeo la kwanza. Mzee mmoja wa jeshi la majini London anaweka kikombe cha chai chini. Anaitafuta Nyasa kwenye ramani ya bahari, haioni. Kwa kuwa hataki kuonekana mjinga, anaagiza manowari kumi ziende huko haraka. Zinafika mto Shire, zinakuta maporomoko. Dawa ni moja tu: zikatwe vipande zibebwe. Msicheke, hata ile Wissmann ililetwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire, ikaingia ziwani mwaka 1893.

Tokeo la pili. Kaisari naye kasoma gazeti, kapaniki. Waingereza wanahofia atajibu mapigo, wanatuma mpelelezi soko la vyungu pale Lyulilo, karibu na Matema. Anawaona akina mama wa Kikisi wanashusha vyungu kwenye mitumbwi kutoka Ikombe, vya duara, vimepangwa kwa mamia. Anaandika ripoti: adui ana mizinga ya udongo, aina mpya, inauzwa kwa rejareja. Anajaribu kumhoji mama mmoja, anatoka pale amenunua vyungu vitatu na hana nauli.

Tokeo la tatu, hili lilitungwa na wanafunzi wenyewe. Manowari moja inapotea njia wakati wa masika, na masika ya Kyela mnayajua, inaingia moja kwa moja kwenye mashamba ya mpunga Ipinda. Maji yanapungua, meli inabaki. Bibi mwenye shamba anadai fidia ya majaruba manne, na kila siku anaongeza. Mvuvi wa Matema anaitwa kuivuta kwa mtumbwi, anaivuta, anapewa cheo cha admirali. Jioni anarudi kuuza dagaa kama kawaida, ila sasa wateja wanampigia saluti na bado wanaomba nyongeza.

Darasa likavunjika mbavu. Mimi mwenyewe machozi. Ndipo binti mmoja wa nyuma, mkimya siku zote, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hizo meli vipande, nani angezibeba?"

Nikanyamaza. Kwa sababu jibu lilikuwa si la utani.

Guendolen haikuishia Liuli. Mwezi uleule ikasomba askari kwenda Karonga. Tarehe 9 Septemba 1914, kikosi cha Wajerumani kutoka huku kwetu, kilichokuwa kimevuka Songwe, kikapigana na Waingereza huko Karonga. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Na nyuma yao wakafuata wapagazi, wale walioitwa tengatenga, wenye mizigo kichwani miaka minne. Makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, kuhara na kuchoka.

Na kuna kitu nimekikuta maktaba kikanikosesha usingizi. Novemba 1914 mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland aliandika barua kwenye gazeti la Nyasaland Times, akiuliza kwa nini Waafrika wafe kwenye vita isiyowahusu. Wakaguzi wa serikali wakaliondoa toleo lile. Januari 1915 akaongoza uasi, na Februari 3 akauawa. Kichwa cha habari cha meli bovu kikasomwa London, barua ya watu waliokuwa wanakufa ikafichwa.

Msidhani ni mambo ya zamani tu. Mwaka 2012 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, magazeti yakapamba moto kuhusu mpaka wa ziwa. Malawi inashikilia mkataba wa mwaka 1890 kwamba mpaka ni ufukweni kwetu, Tanzania inasema ni katikati ya maji, na utafiti wa mafuta ukawa umetia petroli. Gazeti lilisomwa kijiweni, likamfikia bibi limeshakuwa vita kamili. Akafunga mchele kwenye mafurushi mawili. La kwanza letu, tukikimbia. La pili nilimuuliza la nani. Akasema la shangazi yako Karonga, akikimbilia huku atakula nini?

Vita haikuja, wazee wakiongozwa na Chissano wakaitwa kusuluhisha. Mchele tukaula. Ila lile furushi la pili hakuna gazeti lililoliandika.

Kwa hiyo binti wa nyuma, jibu lako hili hapa: wangezibeba babu zako, na Times isingewataja. Ukisoma kichwa cha habari, cheka kwanza, halafu uliza nani amebeba.

Naenda kupanga foleni ya chakula.