Namib kutoka Angani: Upigaji Picha wa Jangwa kwa Ndege Ndogo

Jangwa la Namib limeenea kwa takriban kilometa 2,000 kandokando ya Bahari ya Atlantiki, kuanzia kusini mwa Angola, kupitia Namibia, hadi kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini. Sehemu yake kubwa haina barabara, maji ya kunywa wala wakazi. Picha nyingi za maeneo yake ya ndani hupigwa kutoka kwenye ndege ndogo za injini moja, ambazo baadhi yake huruka kutoka miji ya pwani kama vile Swakopmund.

Ugumu wa kufika siyo sababu pekee. Kaskazini mwa Mto Kuiseb zimo nyanda za kokoto ambazo uso wake umefunikwa na gamba jembamba lililogandamana, pamoja na likeni, viumbe vinavyoshikamana na mawe na kukua polepole mno. Gari likipita hapo mara moja, alama za magurudumu huweza kudumu kwa miongo kadhaa, kwa kuwa mvua ya kuzifuta ni haba. Ukiwa angani alama hizo huonekana wazi, zikikatizana kama mistari iliyochorwa kwa kijiti. Ndege humfikisha mpiga picha mahali hapo bila kuongeza mstari mwingine.

Aidha, yapo mambo ambayo aliye ardhini hawezi kuyaona. Kuiseb ni mto wa msimu, na mafuriko yake husomba mchanga unaosukumwa na upepo kutoka kusini. Hivyo ukingo mmoja una matuta marefu na wa pili una kokoto tupu. Mchanga wenyewe kwa sehemu kubwa ulitoka mbali: uliletwa baharini na Mto Orange, ukachukuliwa na mikondo ya maji kuelekea kaskazini, kisha upepo ukaurudisha nchi kavu. Karibu na pwani rangi yake ni ya kijivu iliyofifia, na kadiri ndege inavyoelekea mashariki ndivyo inavyokolea wekundu kutokana na kutu ya madini ya chuma. Eneo hilo la matuta liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2013.

Pembezoni mwa jangwa kuna duara zisizo na majani, kila moja ikizungukwa na pete ya nyasi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo chake, wengine wakitaja mchwa na wengine ushindani wa mimea katika kugombea maji. Mpangilio wake hutambulika vizuri zaidi kutoka juu, ndiyo maana picha za angani zimekuwa sehemu ya ushahidi katika mjadala huo. Kusini zaidi, katika eneo la Conception Bay, imelala meli ya Kijerumani Eduard Bohlen, iliyokwama katika ukungu mwaka 1909. Kwa kuwa pwani imesogea kuelekea baharini, leo meli hiyo imezama mchangani, mamia ya mita kutoka majini. Aliye kando yake huona chuma kilichooza. Aliye angani huona meli na bahari iliyoiacha katika picha moja.

Ukungu uliokwamisha meli hiyo ndio unaowasumbua marubani hadi sasa. Mkondo baridi wa Benguela huuzalisha hasa usiku, nao huweza kuufunika ukanda wa pwani hadi jua limepanda. Hapo ndipo ulipo mvutano wa kazi hii. Mwanga unaofaa ni wa asubuhi na mapema au wa jioni, jua likiwa chini na kila tuta likitoa kivuli; adhuhuri matuta hayohayo huonekana kama shuka lililotandazwa. Lakini asubuhi uwanja wa pwani unaweza kuwa umefunikwa, na jioni ni lazima ndege itue kabla ya giza. Wapo wanaoanzia safari kwenye viwanja vya vumbi vya bara, ambako ukungu haufiki mara kwa mara.

Ndege zinazopendelewa ni zile zenye bawa juu ya chumba cha abiria, kwa sababu haliwazuii kutazama chini. Dirisha likiweza kufunguliwa salama hufunguliwa, kwani kioo hurudisha mwanga na kufifisha rangi. Kamera hufungwa kwa mkanda, na chochote kinachoweza kupeperuka huondolewa. Lenzi haiegemezwi kwenye bodi ya ndege, maana mtetemo wa injini huhamia kwenye picha. Muda wa kuingiza mwanga kwa kawaida hauzidishwi sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Hatari kubwa, hata hivyo, huanza kwa ombi dogo: rubani ashuke kidogo, apunguze mwendo kidogo, azunguke tena. Ndege ikilala nyuzi 60 katika mzunguko wa usawa, mabawa hubeba mzigo maradufu, na kasi ya chini inayohitajika ili isianguke hupanda kwa takriban asilimia 40. Mchana joto huifanya hewa kuwa nyepesi, hivyo injini na bawa hupungukiwa nguvu, huku mchanga usio na mti wala nyumba ukimnyima rubani kipimo cha kukadiria kimo kwa macho. Ndiyo maana kimo na kasi ya chini kabisa hukubaliwa kabla ya kuruka, na uamuzi wa mwisho hubaki kwa rubani.

Safari ya namna hii huhitaji pia mpango ulioachwa kwa watu walio ardhini, maji ya siku kadhaa, na kifaa cha dharura cha masafa ya megahezi 406. Vifaa vya zamani vya megahezi 121.5 havitoshi: setilaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza masafa hayo Februari 2009.

Kando ya bahari, makundi ya sili kama lile la Cape Cross hayapaswi kupitiwa kwa chini. Wakishtuka hukimbilia majini kwa pamoja, na watoto wao hukanyagwa.