Pesa ya Bia Iko Wapi?

Kila mtu ana maoni kuhusu vijana wa Kiambu na pombe. Ati tumeshindikana. Lakini ni wachache huuliza kijana wa Ruiru au Thika ana kitu gani kingine cha kufanya Jumamosi saa kumi jioni kama hana pesa ya kulipia mahali. Nimekuwa nikifuatilia hii historia na, wasee, pombe na viwanja vya umma vimetembea pamoja karibu miaka mia moja.

Anzia Nairobi, miaka ya 1920. Baraza la mji lilikataza kina mama wa Pumwani kupika pombe yao. Polisi walikuwa wanawavamia, wanamwaga kila kitu. Halafu baraza hilo hilo likaanza kupika na kuuza pombe kwenye ukumbi wake. Akili hiyo waliitoa Durban, Afrika Kusini. Faida iliwekwa kwenye mfuko wa huduma za Waafrika. Yaani pesa ya mlevi ilitakiwa irudi mtaani.

Mkoloni hakufanya hivyo kwa upendo. Walowezi wa huku kwetu walikuwa na klabu zao za michezo, Thika na Ruiru, gofu na kila kitu, na Mwafrika aliingia huko kama mfanyakazi. Kumbi na viwanja vya Waafrika vilikuwa vya kuwashughulisha watu wasifikirie siasa.

Lakini ukishampa mtu ukumbi, huwezi kumchagulia maneno ya kusema ndani. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, na ukumbi wake ukageuka kuwa bunge la wananchi. Tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama pale mbele ya watu akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata akakamatwa, na hakuachiliwa mpaka 1961. Hiyo ndiyo nguvu ya mahali pa umma. Baa haiwezi kukupa hiyo, muziki uko juu sana.

Sasa rudi Thika. Uwanja wa manispaa ulikuwa nyumbani kwa Thika United, waliocheza ligi kuu hadi 2018. Thika Queens nao walichukua ubingwa wa ligi ya wanawake 2021. Mji ukiwa na uwanja, watoto wanapata mtu wa kumuangalia na kusema, mimi pia naweza.

Mwaka 2013 mabaraza ya miji yalivunjwa na kazi zake zikaenda kwa kaunti. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kaunti, namba 4. Utapata leseni za pombe, kamari, maktaba, viwanja vya michezo na bustani, zote kwenye kipengele kimoja. Ofisi inayoruhusu baa ndiyo inadaiwa uwanja.

Wakati huo sisi tumeongezeka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu karibu 240,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikapata 490,120. Tumejaa kwenye maghorofa ambayo hayana hata pa mtoto kupiga mpira. Mwaka 2018 kaunti ilianzisha Kaa Sober, ikawalipa walevi wafanye kazi za usafi. Nia sikatai. Lakini huo ni mfereji wa chini, maji yameshamwagika. Mfereji wa juu ni pale leseni zinapotolewa.

Mimi sitaki turudi kwa mkoloni auze pombe. Nataka tuchukue kile kitu kimoja alichokifanya: pesa ya pombe iwe na kazi inayojulikana. Kaunti ipitishe sheria kwamba sehemu fulani ya leseni za baa inaenda kwa viwanja na kumbi, kata kwa kata, na hesabu ibandikwe mahali sote tunaona. Na ardhi ya umma iliyobaki Ruiru ipimwe kabla haijageuka ploti.

Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na lazima wananchi wasikizwe. Huwa tunawaachia wazee vile vikao, kisha tunalalamika mtandaoni. Mwaka huu ingia, uinue mkono, umuulize MCA wako swali moja tu: leseni za baa za kata yetu zilileta pesa ngapi, na zilijenga nini?