Herufi tupu za Michael Hart

Usiku wa tarehe 4 Julai 1971, Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alitoka kutazama fataki za sikukuu ya uhuru akapitia dukani kununua chakula. Ndani ya mfuko wa bidhaa akakuta nakala ya Azimio la Uhuru. Chuo kilikuwa kimempa nafasi ya kutumia kompyuta yake kubwa, basi akakaa akalichapa azimio zima kwa herufi kubwa, maana herufi ndogo mashine ile haikuwa nazo. Huo ndio mwanzo wa Mradi wa Gutenberg, maktaba ya vitabu vya bure.

Miaka iliyofuata zilizuka programu nyingi za kuandikia, kila moja na muundo wake wa faili ambao nyingine haikuuelewa. Hart hakuzifuata. Alitaka maandishi matupu, yasomeke kwenye kompyuta yoyote, ya tajiri au ya maskini. Wapo waliomlaumu kwamba vitabu vyake havina sura. Mimi naona alikuwa na haki.

Alichoegemea ni ASCII, jedwali lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, linaloipa kila alama namba yake. Chukua neno ng'ombe: n ni 110, g ni 103, kile kiritifaa ni 39, kisha 111, 109, 98, 101. Basi, hakuna siri nyingine. Kiswahili cha herufi za Kirumi kinaenea chote humo, kwa kuwa hatuweki alama juu ya herufi. Kifaransa kilipoteza zake, na tenzi zetu za hati ya Kiarabu hazikupata hata pa kuingilia, kwani jedwali lina nafasi 128 tu. Hilo lilikuwa pengo kubwa, nalo liliniuma.

Dawa yake ilipatikana Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike walipochora mfumo wa UTF-8 kwenye karatasi ya mezani mgahawani, New Jersey. Waliongeza nafasi za hati za dunia nzima, lakini zile alama 128 wakaziacha na namba zake zilezile. Kwa hiyo faili la ASCII la miaka ya nyuma linafunguka leo bila kubadilishwa chochote. Hart alipofariki Septemba 2011, maktaba yake ilikuwa na vitabu zaidi ya 30,000.

Mwaka jana nilifungua mahojiano niliyoyaandika 1998 kwa programu ambayo sasa haipo tena. Zilimwagika alama za ajabu, ukurasa baada ya ukurasa. Katikati ya takataka hizo nikaona "mzee akasema", halafu "jahazi", halafu "kaskazi". Ilinichukua siku tatu kuyaokota maneno yake moja moja na kuyahifadhi upya, safari hii kwa maandishi matupu.