Jiwe la gramu 31 kutoka Allan Hills

Kimondo kiitwacho ALH 81005 kiliokotwa Januari 1982 kwenye barafu ya buluu ya Allan Hills, Antaktika. Kilikuwa na upana wa sentimita 3 hivi na uzito wa gramu 31. Waliokiokota waligundua mapema kwamba ganda lake lilikuwa na rangi ngeni, kahawia iliyochanganyika na kijani, ilhali vimondo vingi vya mawe hufunikwa na ganda jeusi.

Kufikia wakati huo uokotaji wa vimondo huko ulikuwa kazi changa. Cha kwanza kilipatikana mwaka 1912 na msafara wa Douglas Mawson, kisha miongo ikapita na vichache tu vikaongezeka. Mwaka 1969 watafiti wa barafu kutoka Japani waliokota mawe 9 karibu na milima ya Yamato, na maabara ikaonyesha kuwa yalikuwa ya aina mbalimbali, si vipande vya kimondo kimoja kilichopasuka. Maana yake barafu yenyewe ndiyo iliyoyakusanya: hutiririka polepole, ikazuiwa na milima, upepo ukailamba juu, na mawe yaliyozama zamani yakabaki wazi. William Cassidy wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh aliielewa maana hiyo, na mwaka 1976 akaanzisha misafara ya Marekani.

Katika misafara hiyo jiwe haliguswi kwa mkono mtupu. Hutiwa kwenye mfuko safi, husafirishwa likiwa limeganda hadi Houston, na huyeyushwa barafu yake ndani ya naitrojeni kavu. Hapo hupewa jina: herufi za mahali, tarakimu mbili za msimu, kisha namba yake. Kipande kidogo hupelekwa taasisi ya Smithsonian, Washington, kikakatwa na kusagwa hadi unene wa sehemu 3 za mia za milimita, mwanga ukapenya. Mara nyingi hadubini huonyesha kondruli, vijipira vya madini vilivyoganda mfumo wa jua ulipokuwa mchanga, na jiwe huitwa kondriti. Linalobaki ni kupima chuma kilichomo katika madini ya olivini: faialiti, yaani olivini ya chuma, ikiwa asilimia 16 hadi 20, jiwe ni la kundi H, 22 hadi 26, kundi L. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo ghala lingekuwa rundo la mawe tu.

Aliyeshika kazi hiyo Smithsonian alikuwa Brian Mason, mzaliwa wa New Zealand, ambaye pia alikuwa amechunguza mawe yaliyoletwa na safari za Apollo. Katika ALH 81005 hakukuta kondruli, bali vipande vyeupe vya feldispati vilivyoshikwa na ungaunga mweusi uliogandamana. Kwa tahadhari ya mtaalamu, aliandika kwamba baadhi ya vipande vilifanana na anothositi za Mwezi, mawe yaliyojaa feldispati. Maabara kadhaa zikagawiwa chembe. Uwiano wa chuma na manganizi uliafikiana na mawe ya Apollo, isotopi za oksijeni vilevile, na katika mkutano wa Houston wa Machi 1983 hapakuwa na ubishi kwamba kilitoka Mwezini, cha kwanza kutambuliwa hivyo.

Wengi walikuwa wakiamini kwamba pigo la kurusha jiwe kutoka Mwezini lingeliyeyusha au kulisaga. Gramu hizo 31 zilivunja hoja hiyo, na zikawapa nguvu waliodai kuwa vimondo fulani vilitoka Mirihi.

Hata hivyo, kutambuliwa kwanza si kuokotwa kwanza. Yamato 791197, nacho cha Mwezi, Wajapani walikuwa wamekiokota tangu 1979, ila asili yake ilijulikana baadaye. ALH 84001 kilikaa muda mrefu zaidi kikiitwa diojeniti, yaani jiwe la asteroidi, tangu kilipookotwa Desemba 1984. Mwaka 1993 David Mittlefehldt, aliyekuwa akichunguza diojeniti, aliona kwamba chuma katika kromiti yake kilikuwa kimeoksidika kupita kiasi cha diojeniti, na jiwe likahamishiwa kundi la Mirihi.