Neno la Wiki: Konyagi

Kwenye grosari moja hapa Nzega nilimsikia mteja akiita kila pombe kali nyeupe "konyagi", hata jini ya Uingereza. Sivyo. Neno limetokana na Cognac, mji wa Ufaransa, na konyaki ya huko ni brandi ya zabibu, ya rangi ya kahawia. Konyagi yetu ya Dar es Salaam hutokana na miwa, nyeupe kama maji, na ladha yake inakaribia jini. Jini hupata jina na harufu kutoka kwa tunda la mreteni. Gongo hupikwa kwa kificho, bila kipimo, nayo haistahili jina la konyagi. Wanzuki wetu wa asali haumo kabisa katika pombe kali: huchachushwa tu, haukenekwi.