Maji ya mvua kwenye parseli: kazi za mwezi wa 7

Katika Butembo, muji wa vilima, mvua inanyesha sana toka mwezi wa 3 mpaka wa 5, kisha inarudi mwezi wa 8. Mwezi wa 7 inapunguka. Ndio wakati wa kupanda juu ya nyumba, kuziba matundu ya manjanja na kupigilia misumari iliyolegea.

Maji ya paa yasipopewa njia, yanakula musingi wa nyumba ya udongo, ao yanashuka kwa jirani wa chini, na kesi inafika kwa chefu wa avenyu. Shimo la maji linasaidia, lakini si kwenye muteremuko mukali: udongo uliolowa unateleza. Pale afazali matete, yapandwe kwa kukingama kilima.

Beni ni chini zaidi na haina vilima vingi. Kule maji yanatuama. Lengalenga ipandwe juu ya matuta, mbali na ukuta.